Sufu Moja kwa Miaka Tisa

Verdiana aliinua mkono wa sweta kutoka kwenye sanduku la bati, akautikisa kana kwamba ukitikiswa vizuri utadondosha na sehemu nyingine. Haukudondosha kitu. Akatoa khanga zake, akatoa shuka, akatoa gauni la kanisani, mpaka akafika kwenye gazeti lililotandikwa chini kuzuia kutu. Sweta halikuwepo. Ulikuwepo mkono mmoja tu, umekunjwa kwa adabu na kutiwa majani ya mwarobaini, kama kipande cha marehemu kilichozikwa kwa heshima.

"Melkior!"

Siku zote alimwita baba Generosa. Jina la ubatizo lilitoka siku za shida tu. Melkior alikuwa nje ya nyumba akinoa jembe. Aliliweka chini taratibu, akaingia.

"Sweta langu liko wapi?"

"Si hilo umelishika?"

"Huu ni mkono."

"Ni mkono wa sweta."

"Na kiwiliwili kimekwenda wapi? Kimetembea chenyewe?"

Melkior alipiga magoti, akavuta mfuko wa unga kutoka uvunguni mwa kitanda, akatoa kilichokuwa ndani na kukifungua mbele ya mke wake kwa mikono miwili, kama mwenye duka. Kilikuwa kitambaa kirefu cha sufu, rangi ya udongo wa kichuguu, kinachozidi urefu wa mtu mzima, chenye vitundu vilivyopangwa kama masega ya nyuki. Kusema kweli kilikuwa kizuri. Hata Verdiana aliona kuwa ni kizuri, na hilo lilimwongezea hasira.

"Ni mbeleko," alisema Melkior. "Ya mtoto wa Generosa. Mtoto wa kwanza mbeleko yake inatoka kwetu, kwa wazazi wa mama. Sasa dukani hakuna khanga, hakuna kitenge, miezi minne sasa. Tumpelekee nini? Gunia?"

"Uliniahidi."

"Mama Generosa, nisikilize kwanza."

"Uliniahidi," Verdiana alirudia, na safari hii sauti yake ilikuwa chini. "Hapa hapa, mwezi wa nane. Nilisema, hili liache. Ukasema, nimekubali."

Hilo lilikuwa kweli, na hapakuwa na mtu kwenye nyumba za stesheni ya Mpanda ambaye hakulijua.

Melkior alikuwa mtu wa pampu. Kazi yake pale Reli ilikuwa kusukuma maji kutoka mtoni mpaka kwenye tenki refu la chuma, ili gari moshi la kutoka Tabora likifika lipate kunywa. Gari lilikuja siku tatu kwa juma. Pampu yenyewe ilidunda karibu kila siku, na Melkior alikaa kando yake kwenye kigoda akiisikiliza, maana pampu ikianza kuumwa husema kabla ya kusimama. Masikio yake yalikuwa na kazi. Mikono haikuwa nayo.

Kufuma alijifunza katika hospitali ya misheni, mwaka alioangukiwa na taruma la chuma la reli mguuni. Alilazwa wiki kumi na moja. Kwa kuwa aligombana na kila mgonjwa wa wodi, Sista mmoja mzee alimpa sindano mbili na donge la sufu, akamwambia kwamba kwao wavuvi hufuma na hakuna anayewacheka. Wiki ya kwanza Melkior alifuma kwa hasira. Ya pili alifuma kwa ubishi. Kuanzia ya tatu hakuhitaji sababu. Alipotoka alirudisha sindano za watu, akatengeneza zake kwa spoku za baiskeli, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikateleza kama mkia wa panya.

Taabu ilikuwa sufu. Nani angeuza sufu Mpanda, watu wakiwa wanatafuta sukari? Melkior alipanda gari mpaka Tabora, akarudi na sweta moja la kafa ulaya kutoka kwa wauza mitumba. Lilikuwa kubwa la kutisha. Mzungu aliyekuwa akilivaa lazima alipita milangoni kwa ubavu. Akalifumua lote, akapata madonge saba, na madonge hayo saba ndiyo yakawa sufu yake ya maisha.

Kila masika alimfumia Verdiana sweta. Alianza mvua za Novemba zikigonga bati, akaenda polepole, kwa sababu hewa ya masika huifanya sufu ing'ang'anie sindano. Mei alimaliza. Juni, kipupwe kilipoingia na asubuhi za Mpanda zikawa na meno, Verdiana alilivaa akienda kisimani, akienda shambani, akienda misa ya kwanza. Julai alilivaa. Agosti alilivaa nusu. Kisha jua la Septemba lilipoanza kupasua ardhi, Melkior alianza kulitazama lile sweta kwa jicho la mchinjaji. Siku moja Verdiana angerudi kutoka shambani na kukuta madonge saba yamepangwa dirishani na mumewe anatabasamu peke yake. Alikuwa amepata mtindo mwingine. Mwaka huu ulikuwa wa kamba, mwaka ule wa punje za mahindi, mwingine wa nyayo za kuku. Sweta likishakwisha kazi ilikuwa imekwisha, na kazi ikiisha mikono yake ilikuwa kama mbwa aliyefungiwa nje.

"Mimi nina mume wa ajabu," Verdiana aliwaambia wenzake bombani. "Kila mwaka ananivisha, kila mwaka ananivua."

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikafurika. Lakini hakuna mmoja wao aliyekuwa na mume wa kumfumia kitu, na Verdiana alilijua hilo pia, akawa anatembea nalo shingo imesimama.

Tatizo ni kwamba sufu nayo huchoka. Kila ilipofumuliwa ilikatika hapa na pale, ikafungwa mafundo, ikakonda. Sweta la kwanza mikono yake ilimfika Verdiana vidoleni. La tisa ilikoma kwenye viwiko. Ndilo alilolipenda kuliko yote. Na mwaka huo ulikuwa mwaka wa kuhama, serikali ikiwakusanya watu vijijini. Mama yake Verdiana alihamishiwa pamoja na wenzake kwenye kijiji kipya, na nyumba aliyozaliwa Verdiana ikabaki porini bila paa. Alikwenda kuitazama mara moja tu. Aliporudi alikaa kizingitini na sweta lake, akasema, "Baba Generosa, hili liache. Nataka kitu kimoja kikae."

"Nimekubali," alisema Melkior, na alikuwa anasema kweli.

Septemba alivumilia. Oktoba alivumilia. Masika yalipoanza alijaribu kufuma kwa nyuzi za mifuko ya unga, akatoa kofia iliyokwaruza hata pampu alipoivisha. Alijaribu kamba ya katani, akaumia vidole. Mwezi wa pili habari zikaja kwamba Generosa, binti yao aliyeolewa Majimoto, ni mjamzito. Na mwezi wa tatu akashuka stesheni mama mmoja wa Kirundi, mkimbizi kutoka makazi ya Katumba, mabegani ana mtandio wa sufu wenye vitundu kama masega ya nyuki.

Melkior aliacha pampu ikadunda yenyewe.

"Dada, samahani. Hiyo nguo nani kafuma?"

Yule mama, aliyeitwa Séverine, alimtazama kuanzia buti mpaka kofia ya Reli. "Ni mimi. Masista walitufundisha. Kwa nini?"

"Hapo kwenye tundu. Unarusha uzi juu ya sindano, halafu unaunganisha vitanzi viwili?"

Séverine alifungua mdomo, akaufunga, kisha akacheka kicheko kirefu ambacho pengine hakikuwa kimemtoka tangu avuke mpaka. Alikaa naye kwenye benchi mpaka gari liliponyweshwa, akimwonyesha safu kwa safu. Walipoachana Melkior alikuwa anahesabu kwa midomo, asije akasahau.

Jioni ile alifungua sanduku. Atajaribu kwa mkono mmoja tu, alijiambia, halafu ataurudisha. Ulipokwisha mkono akaona mtindo haujakaa vizuri bila nafasi, akachukua na kiwiliwili. Neno mbeleko lilimjia baadaye, alipohitaji sababu.

Hayo yote hakumwambia Verdiana siku ile ya sanduku. Alisema tu, "Ni ya mjukuu wako."

"Ungefuma kofia ya mjukuu wangu. Ungefuma soksi. Mimi nimeficha khanga mpya tangu mwaka juzi, ile ile ya mbeleko. Ungeniuliza ningekuonyesha." Verdiana alikuwa anafunga mzigo wake huku anasema, akikaza fundo kama anamkaba mtu. Mbeleko ya sufu aliichukua, kwa sababu kazi ya mume haiachwi uvunguni wakati mtoto wa kwanza anazaliwa. Ule mkono wa sweta aliutundika kwenye msumari juu ya kitanda.

"Utarudi lini?" aliuliza Melkior.

"Arobaini ya mtoto ikiisha."

"Halafu?"

"Halafu nitaona."

Akapanda lori la Kasimu, lililokuwa likipeleka chumvi na mafuta ya taa Mpimbwe, upande wa Majimoto, na kurudi na mchele. Hakupunga mkono. Melkior alisimama mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kuisikiliza pampu.

Juni iliingia na baridi yake. Melkior aliamka peke yake, akachemsha uji peke yake, ukaungua. Asubuhi aliuzungusha ule mkono wa sweta shingoni kwa sababu ya upepo wa mtoni. Ngolo, Msukuma aliyebadilishana naye zamu, alimwona akaanguka kwenye rundo la makaa kwa kucheka.

"Bwana Melkior! Mke kaenda, kakuachia mkono ukushike shingo?"

"Cheka tu."

"Kwetu mwanamume akishika sindano ni ya kushona gunia la pamba. Sasa wewe umemvua mama wa watu, umeona matokeo yake."

"Ngolo, washa pampu."

"Nawasha. Lakini nakwambia, ng'ombe ukishampa mtu, humwendei kila mwaka kumchukua. Si ameshakuwa wake huyo?"

Melkior aliuvua ule mkono, akaukunja, akauweka mfukoni, na baada ya siku hiyo hakuuvaa tena.

Katikati ya Juni Kasimu alirudi. Alisimamisha lori mbele ya tenki, akateremka akijinyoosha mgongo.

"Hongera, mzee. Mjukuu wa kiume, ana sauti kama honi yangu."

"Alhamdulillahi," alisema Melkior Mkatoliki, kwa furaha. "Na mbeleko? Wameionaje?"

Kasimu alikuna kidevu. Alikuwa mtu asiyeweza kuzuia habari hata ikimuuma. "Mbeleko, mzee, ilianza vizuri. Binti alimbeba mtoto, watu wakaja kushangaa, wakasifu vile vitundu. Akatoka naye kwenda kwa jirani. Alipofika kwenye mpapai mtoto yuko kiunoni. Alipofika kwa jirani mtoto yuko kwenye makalio. Akirudi, mtoto yuko nyuma ya magoti anapiga kelele, na mama anatembea kama bata."

Melkior alikaa chini kwenye ngazi ya lori. Alikuwa ameiona mara moja, picha nzima. Sufu iliyofumwa huvutika. Kila mtu anayefuma analijua hilo. Sweta huvutika likampokea mtu, na huo ndio uzuri wake. Na yeye akaongeza vitundu juu yake. Angemuuliza mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mtoto, mmoja tu, pale bombani, angemwambia.

"Wamecheka?"

"Mpaka mwenyekiti wa kijiji alikuja kuangalia."

"Na mama Generosa?"

"Huyo hakucheka," alisema Kasimu. "Alisema hayo ndiyo malipo ya kufumua nguo ya mtu."

Arobaini ya mtoto iliisha katikati ya Julai. Melkior alifagia nyumba, akanunua nyama, akasimama kando ya barabara. Lori lilikuja na mchele, na mwanamke mmoja mgonjwa, na mbuzi wawili.

"Hakuja," alisema Kasimu, kabla hajaulizwa. Kisha, kwa sababu hakuweza kuzuia: "Kule ni baridi mwaka huu, mzee. Asubuhi bondeni huoni mtu wa pili. Nimemkuta mkeo mlangoni kwa mkwewe anaota moto, amejifunika gunia la mpunga. Nikamwambia, mama, utaumwa. Akasema, nguo zangu zilikwenda shule ya kufuma."

Nyama ile Melkior aliila siku mbili bila kuisikia ladha. Siku ya tatu alikwenda kwa mkuu wa stesheni akaomba ruhusa. Ngolo alikubali kushika zamu zake zote. Alimtania kidogo, kisha akaacha katikati, akasema tu, "Nenda, bwana. Usirudi bila huyo mama."

Melkior alikuwa na mpango, na mpango ulikuwa mzuri. Ataichukua ile mbeleko, ambayo haina kazi tena. Ataifumua. Ana sindano zake na ana siku chache. Kwa mkono uliobaki na sufu ile, atalirudisha sweta la Verdiana kama lilivyokuwa, safu kwa safu, mtindo ule ule wa tisa, na safari hii hataligusa tena mpaka mmoja wao afe. Njia nzima alihesabu vitanzi kichwani. Sitalike walisubiri viboko watoke barabarani. Mbung'o walimuuma shingoni na hakuwapiga. Kasimu alizungumza peke yake mpaka Majimoto.

Eufrazia, mama mkwe wa Generosa, alimpokea kwa vigelegele na kiti chenye mgongo. Mkwe kufika bila taarifa ni jambo linalotisha kidogo, hivyo kuku mmoja alianza kukimbizwa hata kabla Melkior hajakaa. Aliletewa maji ya kunawa, akaletewa mjukuu. Alimpakata, akamsifu masikio. Aliulizwa habari za Mpanda, za mvua, za gari moshi, hata za Ngolo, ambaye hapo walimjua kwa jina tu. Heshima haikuruhusu amuulize mkewe yuko wapi, naye akajikaza, huku macho yake yakienda mlangoni kila unapopita upepo.

Generosa ndiye aliyemhurumia. "Mama yuko kwenye maji, baba. Anafua."

Kijiji kile kina chemchemi ya maji yanayotoka ardhini yakiwa moto, na wanawake hufulia huko, hasa kipupwe. Verdiana alikuja baada ya muda, karai kichwani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Alimwona mumewe kwenye kile kiti cha wageni. Aliteremsha karai bila haraka.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama Generosa. Hujambo?"

"Sijambo. Umekula?"

"Kuku bado anakimbia."

Kona ya mdomo wa Verdiana ilitaka kufanya jambo, akaizuia. Melkior aliona, akajipa moyo. Akaeleza mpango wake, haraka, macho chini, mpaka mwisho. Alitoa na ule mkono mfukoni kuonyesha kwamba hasemi hivi hivi. Wakwe walijifanya hawasikii, kwa heshima, na hawakukosa hata neno moja.

"Kwa hiyo unataka ile mbeleko," alisema Verdiana.

"Ndiyo."

"Uifumue."

"Nikurudishie sweta lako. Nimekosa, mama Generosa. Nimekosa sana."

Verdiana aliingia ndani. Alitoka na kitu kimekunjwa, akakiweka mapajani mwa mumewe.

"Sasa fumua."

Melkior alikiangalia bila kukitambua. Rangi ilikuwa ile, ya udongo wa kichuguu. Lakini kile kitambaa kirefu kilichokuwa kinaburuza mtoto kilikuwa kimenywea, kimekuwa kifupi, kipana, kizito kama blanketi la jeshi. Vile vitundu vya nyuki vilikuwa vimefumba kama macho ya mtu aliyelala. Alitafuta safu, hakuiona. Alitafuta mahali alipofungia uzi, pembeni kushoto, mahali ambapo kidole chake kingepajua hata gizani. Hapakuwa na pembe wala fundo. Vitanzi vyote vilikuwa vimeshikana, kila uzi umemeza mwenzake.

"Umefanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimefua."

"Kwa maji moto?"

"Kwa maji moto, na sabuni ya magadi, na nikaipiga juu ya jiwe. Siku mbili."

Miaka tisa alikuwa amemwambia, kila alipolichukua sweta kwenda kulifua: maji baridi, mama Generosa, na usilisugue. Sista alimfundisha hivyo, na yeye alimfundisha hivyo, na Verdiana hakukosea hata mara moja.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

Eufrazia aliinuka ghafla, akakumbuka kuku. Generosa akamfuata na mtoto. Mume na mke wakabaki wenyewe uani, na ile sufu kati yao.

"Na gunia?" aliuliza Melkior. "Ulikuwa na kitu kizito namna hii ndani ya nyumba, ukajifunika gunia?"

"Kasimu ana mdomo mrefu kuliko lori lake. Nilitaka habari ikufike."

Melkior alicheka, ikamtoka bila ruhusa, kisha akaacha. Kuanzia hapo mpaka chakula, na baada ya chakula mpaka jua likazama, alikaa kwenye kile kiti akiitafuta ncha ya uzi. Alitumia kucha, akatumia meno, akachukua sindano ya spoku akachokonoa. Alipata unywele mmoja wa sufu, akauvuta, ukakatika. Verdiana alipita mara nne na kumtazama. Mara ya nne alimletea chai.

Asubuhi ilikuwa baridi ya kweli. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mpunga uliovunwa, na ng'ombe walionekana vichwa tu. Sokoni, Kasimu alishapiga honi ya kwanza. Mpango wa Melkior ulikuwa umekufa na hakuwa na la kungojea, hivyo mzigo wake ulikuwa begani. Mzigo wa mkewe hakuuona popote, akaogopa kuuliza.

Verdiana alitoka jikoni na kisu cha samaki. Alikuwa amekinoa.

"Nishikie huku."

Aliitanda ile sufu mgongoni mwake, akaivuta mbele, akapima kwa mabega yake, akaweka alama kwa mkaa. Kisha akaitandaza mikononi mwa mumewe. Ndipo Melkior alipokiona kisu na kuelewa.

"Usikate."

"Kwa nini?"

"Ukikata uzi mmoja, vitanzi vinakimbia. Vyote, mama Generosa. Hutabaki na kitu. Hivyo ndivyo ilivyo, kufuma ndivyo kulivyo."

"Ningeweza kukata mwezi uliopita. Sikutaka nikate wewe haupo." Alimtazama usoni. "Shika vizuri."

Alishika. Kisu kiliingia, na sauti yake ilikuwa kama ng'ombe anayeng'oa majani, taratibu, kwa nguvu. Melkior alifumba macho. Alingoja ule mtiririko anaoujua, vitanzi vikiachana kimoja baada ya kingine mpaka chini. Alingoja. Alipofumbua macho tundu lilikuwa pale pale, pana kama mkono wa mwanamke, kingo zake nzito, zimetulia. Hakuna kilichokimbia.

Verdiana alikata la pili. Akapitisha mkono mmoja, akapitisha mwingine. Halikuwa na mikono, halikuwa na kola wala kifungo. Lilimkaa kama gome linavyoukaa mti.

"Mgongoni limenikaa?" aliuliza, akageuka.

Kule sokoni honi ilipigwa mara ya pili. Verdiana hakuangalia upande wa lori, wala hakusogea. Melkior alinyoosha mkono akalisawazisha begani, na akiwa bado hajajibu, kidole chake kilikuwa kimeshaanza kutembea pembeni mwa lile tundu, polepole, kikizunguka na kurudi kilikoanzia, kikitafuta ncha ya uzi.